Gauni la Zambarau Lenye Mifuko Miwili

Jumanne, 4 Machi

Mkojo umetoka! Umetoka jamani, mfuko umejaa kabla sijagusa chai!

Juma zima nilikuwa nakamua matone tu, miguu imevimba kama magogo. Saratani ya kizazi imebana mirija ya mkojo, mkojo ukawa unarudi kwenye figo. Jana wamenitoboa mgongoni — mrija kulia, mrija kushoto, kila mmoja na mfuko wake. Leo nesi kaunyanyua mfuko wodi nzima ikiona. Eti, Mama, umefungulia bomba? Nimecheka mpaka kidonda kikauma.

Daktari kasema hii haiondoi saratani, inaokoa figo. Nimemsikia, mimi si kiziwi. Lakini figo zikikubali narudi nyumbani, na wanangu wote sita watakuja, hata yule wa mbali. Mara ya mwisho kukaa nao wote ni msiba wa baba yao.

Alhamisi, 6 Machi

Wanangu wakija, nikae mbele ya wakwe na mikojo inaning'inia? Nilimwambia hivyo kitindamimba wangu, fundi cherehani. Kavuta futi shingoni, kanipima.

Leo kaja na gauni la zambarau, mifuko miwili imeshonwa kwa ndani, juu karibu na mbavu. Nesi kacheka: fundi, mkojo haupandi mlima! Mfuko ukae chini ya figo, la sivyo mkojo utarudi huko huko. Binti hakununa. Kafumua papo hapo kitandani kwangu, kashusha mpaka mapajani. Kisha kaomba mifuko mipya ya mkojo, kaijaza maji, kavaa gauni mwenyewe — kacheza katikati ya vitanda! Hata tone! Wodi makofi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani naye anataka lake. Nikamwambia apange foleni, fundi huyo nimemzaa mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Majibu ya damu mazuri. Figo zinaamka! Daktari kasema mirija yote miwili ikiendelea hivi, kesho natoka. Nimevaa gauni, nimezunguka. Nani angejua? Malkia mzima!

Ila — mfuko wa kushoto haujaongezeka tangu asubuhi. Binti, yuko magotini anabana upindo kwa pini, kauona. Nikamwambia wewe shona. Kasema, Mama, bonyeza kengele, au nibonyeze mimi?

Nimebonyeza mwenyewe.

Nesi kaenda kuchukua sindano na maji ya chumvi, auzibue mrija. Gauni sivui! Binti kashika pini mdomoni, karudi kwenye upindo. Jumapili wanakuja wote.