Mtungi Ulioandikwa Umejaa

Jumatatu, 3 Machi

Kituoni saa moja na nusu. Matope mpaka kwenye vifundo. Nimedeki chumba cha sindano, nimechota maji, ndipo nikakaa na fomu ya gari la wagonjwa. Mafuta, matairi, taa, machela, glovu, mtungi wa oksijeni, puto la kupumulishia. Kila siku ina visanduku vyake. Nimejaza wiki nzima, leo hadi Jumapili. Jumatatu kalamu ya bluu, Jumanne nyeusi, nabadilisha badilisha ili isionekane imejazwa kwa mkupuo. Dada aliyeniachia kazi hii ndiye aliyenifundisha. Kisanduku kitupu, wakubwa wa wilayani wakija wanakiuliza. Chenye tiki hawakiulizi.

Ripoti ya mwezi bado. Mimi ni mhudumu tu, nimeishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka, basi vitabu vyote vimekuwa vyangu. Daktari mfawidhi husema, "Mama Fides, wewe ungesoma ungefika mbali." Mkataba wangu unaisha Juni. Akiniandikia vizuri nitapata mwingine. Nautaka sana. Baba Fides yuko Mpanda, anapiga simu Jumapili, mtandao ukikubali.

Nimechoka. Ila ukurasa umependeza.

Jumatano, 5 Machi

Nimepakwa majivu kanisani asubuhi, mvua ikayaosha kabla sijafika kazini. Fides anaota meno. Hakulala, sikulala. Ripoti imeisha.

Ijumaa, 7 Machi

Nina mengi, sijui nianzie wapi.

Asubuhi aliletwa mama mmoja kwa pikipiki, anaitwa Kabula, Msukuma, wa kule kwa wafugaji. Uchungu umeshika. Amejifungua saa nne, mtoto wa kiume. Hakulia. Nesi Prisca kamsugua mgongo, kamtoa ute puani, ndipo akatoa sauti ndogo kama ya paka. Rangi yake mbaya. Daktari kaandika rufaa ya kwenda hospitali ya mjini. Mzee Galus, dereva wetu, kawasha gari. Kitabuni nimeandika: Kabula, na kichanga, me. Kuondoka saa 4:40. Mlango wa nyuma nimeufunga kwa mkono wangu.

Wamerudi saa kumi. Nilikuwa nafua mashuka. Mzee Galus kanifuata, nimemwamkia, hakuitika. Kasema polepole, mtungi ulikuwa mtupu. Mshale umelala kwenye sifuri. Nesi Prisca kabana puto kwa mkono njia nzima, kapiga magoti sakafuni, gari linateleza matopeni, zaidi ya saa nzima hakuacha. Mtoto kafika hai.

Nimemkuta Prisca kwenye benchi. Nimempa chai, kikombe kimemshinda. Nikakishika mimi, akanywa.

Halafu nikakumbuka. Wiki iliyopita walimpeleka mzee wa pumu, na mtungi huohuo. Haukujazwa tena. Ningeufungua Jumatatu nikautazama ningeona. Jumanne gari lilikwenda mjini kuchukua chanjo. Wangeujaza Jumanne.

Sikumwambia mtu. Nilisema pole tu.

Jumamosi, 8 Machi

Si zamu yangu, nimekwenda hivyo hivyo, nimesingizia nimesahau kanga. Nimefungua kitabu cha gari. Ijumaa, kalamu ya bluu. Mtungi wa oksijeni, tiki. Mkia wa tiki umepinda juu kidogo, mimi ndivyo ninavyoandika.

Na ya kesho ipo. Kesho haijafika na tayari nimeandika mtungi umejaa.

Mtungi wenyewe umeshushwa garini, uko sakafuni, karibu na mlango. Nimeugonga kwa kidole. Mlio mtupu.

Nyumbani nimemlaza Fides kifuani, nimesikiliza anavyovuta hewa. Mama yangu kauliza kama mtoto anaumwa. Nikasema hapana.

Jumatatu, 10 Machi

Karatasi imekuja kutoka hospitali ya mjini. Mgonjwa kapokelewa bila oksijeni, kituo kieleze kwa maandishi. Wilaya nao wanataka taarifa ya tukio kabla wiki haijaisha.

Daktari katuita ofisini, Prisca, Mzee Galus na mimi na kitabu. Kafunua. Kasoma kwa sauti, Ijumaa, mtungi upo, umejaa. Kamgeukia Prisca, kwa nini hukuufungua? Prisca kasema aliufungua, haukuwa na kitu. Daktari kasema kitabu kinasema ulikuwa umejaa, na asubuhi yake ulikaguliwa. Labda ulizungusha upande usio wake, kwa haraka?

Prisca kakitazama kitabu tu. Miaka yake yote ya uuguzi, aambiwe hajui kufungua koki.

Mzee Galus kasema hata yeye aliuona mshale kwenye sifuri. Daktari kamwambia, "Wewe Mzee, geji yako ni ya mafuta."

"Geji ni geji, daktari. Sifuri ni sifuri."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa natazama ile tiki. Nilidhani wote wanaiona ilivyo, kwamba ina aibu. Hawakuona kitu. Sikusema. Naandika hapa ili nisijidanganye: nilikuwa na nafasi, na sikusema.

Hakuna aliyenishuku. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Sijaandika tiki yoyote leo. Nimeacha wiki mpya wazi. Hakuna aliyeuliza bado.

Jumanne, 11 Machi

Prisca kapewa hadi Ijumaa ajieleze. Wakiona ni uzembe atasimamishwa, na jina litapelekwa mbele. Kaomba karatasi za mistari. Mimi ndiye niliyempelekea. Kasema, "Asante, mdogo wangu." Nikatamani anitukane.

Habari za mtoto: bado yuko wodini mjini. Ananyonya kwa shida.

Nimehesabu mambo kichwani njiani. Nikisema, mkataba basi. Ulezi aliopanda mama bado uko shambani, hatujui utatoka vipi na mvua hizi. Fides na uji wake. Nikinyamaza, Prisca ataandika, ataeleza, pengine watamwelewa. Ni nesi, ana cheti, ana maneno. Mimi nina nini?

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nimefika nyumbani sijaamini.

Mama kaniangalia nikiosha vyombo. "Mbona unaosha sufuria mara mbili?"

Jumatano, 12 Machi

Sikusema.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesema.

Nilikuwa sijapanga. Daktari kaniita baada ya kliniki, kasema wilaya wanataka nakala ya fomu ya ukaguzi, mashine ya nakala haifanyi kazi, basi niinakili kwa mkono, safi, mwandiko wangu ule mzuri. Kanipa karatasi. Chini pameandikwa, nathibitisha kwamba maelezo haya ni ya kweli na sahihi. Halafu jina, sahihi, tarehe.

Nimenakili mafuta. Nimenakili matairi. Nilipofika kwenye mtungi, mkono umekataa. Sijui niseme vipi. Zile tiki za kwanza nilizipiga bila kufikiri, ni kama kufagia. Hii ningeipiga nikijua.

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, daktari, huo mtungi sikuutazama. Wiki ile yote niliijaza Jumatatu. Na nyingine zote za nyuma nilijaza hivyo. Na kalamu mbili ni ujanja wangu, ili msijue.

Hakufoka. Ningependa angefoka. Nje watoto wa kliniki wanalia, mmoja baada ya mwingine. Kisha kaligeuza kitabu upande wangu, kaweka kidole chini ya ukurasa. Imehakikiwa na. Sahihi yake. Kila wiki.

"Unaona?" kasema. "Na mimi nilitazama wapi?"

Kisha kasema nirudi kesho, pengine tuone jinsi ya kuliandika hili. Lilivyokuwa, daktari, nimemjibu, tuandike lilivyokuwa. Sijui nilipata wapi huo mdomo. Kasema, basi andika, kurasa zako ni zako, na zangu nitaandika mwenyewe.

Nimeandika palepale. Kurasa mbili. Hakuna maneno makubwa. Nimeandika mzee wa pumu, nimeandika safari ya Jumanne ya chanjo, nimeandika kwamba muuguzi aliufungua mtungi na haukuwa na kitu kwa sababu haukujazwa, na haukujazwa kwa sababu mimi niliandika umejaa.

Nimetoka nikamkuta Prisca anakunja nguo za kuzalishia. Nikamwambia. Kaendelea kukunja. Kakunja ya kwanza, ya pili.

"Tangu Jumatatu ulijua," kasema. "Ulinipa karatasi za kujieleza, Mama Fides. Kwa mkono wako."

Nikachukua ya tatu, nikaikunja.

Ijumaa, 14 Machi

Taarifa imekwenda wilayani na Mzee Galus. Kaiweka ndani ya koti, mvua. Kaniambia, "Binti, umechelewa, lakini umefika." Nimelia chooni.

Prisca hasemi nami. Salamu tu, na salamu yenyewe ni ya kazini.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani nimesinzia. Baba Fides kapiga. Nimemwambia yote. Kasema, "Sasa tutakula nini?" Halafu kapiga tena baadaye kuomba radhi. Kasema angekuwa yeye asingesema. Sijui kama ni sifa au ni lawama.

Ijumaa, 21 Machi

Wamekuja wawili kutoka wilayani. Wamekaa na vitabu siku nzima. Wameniuliza maswali mengi na sikudanganya hata moja, hata walipouliza kama daktari alijua. Nimesema hakuwahi kuniambia nijaze hivyo, na hakuwahi kuniuliza ninajaza vipi.

Prisca hana kosa. Wamelisema mbele ya watu wote, na mmoja wao kampa mkono. Daktari kapata barua, hakutuonyesha. Mimi nimeondolewa kwenye vitabu vyote. Nabaki usafi na kufua mpaka Juni, baada ya hapo hawaahidi kitu. Hakuna aliyenitukana.

Fomu sasa inajazwa na watu wawili, kila asubuhi, wamesimama kwenye gari. Mmoja anasoma mshale, mwingine anaandika. Inachukua muda mfupi kuliko nilivyofikiri.

Mtoto wa Kabula katoka wodini Jumatano. Daktari wa mjini kasema ni kusubiri tu, waone anavyokua.

Mgongo unauma. Mashuka ya leo yalikuwa mengi.

Jumamosi, 29 Machi

Fides ametembea. Kutoka kwa mama hadi kwangu, hatua sita au saba, akaanguka na kucheka. Nilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Nimesahau kila kitu kwa muda ule wote.

Jumatano, 9 Aprili

Kliniki ya watoto leo. Jua limetoka, kina mama wamejaa mpaka barazani. Nilikuwa napanga mabenchi nikamwona Kabula, mtoto mgongoni. Nilitaka kuingia ndani.

Kanifuata mwenyewe. Kauliza, dada, wewe si ndiye wa kitabu? Nikasema nilikuwa. Kasema yeye hajui kusoma, na mumewe kaambiwa na watu kwamba kituoni kuna kitabu kimeandikwa habari za mtoto wao siku ile. Anataka kusikia. Watu wanasema hivi na vile, yeye anataka kilichoandikwa.

Nikasema siruhusiwi kukigusa. Prisca alikuwa mezani anachoma chanjo, hatujasema neno la maana karibu mwezi mzima. Hakuinua kichwa. Kanyoosha kidole kwenye rafu.

"Kile pale. Msomee."

Tumekaa nje, kwenye ngazi. Nimemsomea yote. Saa ya kuondoka. Safari. Halafu nakala ya taarifa iliyobandikwa nyuma, mwandiko wangu, kurasa mbili, sikuruka hata mstari. Nilipofika pale niliposema mimi ndiye, sauti ilipungua, akasema, sema, nasikia. Nikasema tena kwa nguvu.

Mtoto kageuza kichwa upande wangu, shingo bado haijakaza, ikaanguka, nikaikinga kwa kiganja bila kufikiri. Hakunizuia. Kaniuliza, wa kwako alikaza lini? Nikasema miezi mitatu, na zaidi kidogo. Kasema, basi huyu bado ana muda. Nikasema ndiyo, bado ana muda. Nilikuwa naomba huku nasema.

Hakusema amenisamehe. Hakuulizwa.

Kisha kaweka kidole kitabuni, mahali penyewe kabisa, sijui alijuaje. "Hapa umemwitaje?"

Nikasoma. Kichanga, me.

"Ana jina. Anaitwa Masunga. Andika."

Nikamweleza kwamba ukurasa ukishafungwa hauongezwi neno, hata la kweli, na mimi hasa ndiye nisiyepaswa. Kacheka kidogo, kasema ninyi wa vitabu ni watu wa ajabu. Kafungua kanga, kampa ziwa.

Nimekirudisha kitabu kwenye rafu. Nimemaliza mabenchi. Sasa niko nyumbani, Fides analala, uji wa kesho uko tayari.

Masunga wa Kabula. Alinyonya mbele yangu, taratibu, akipumzika, akaanza tena, mpaka akashiba.