Yai Lisilo na Baba

Kawajense, Mpanda
Mvua za kwanza

Mama yangu mpendwa,

Yesu Kristo asifiwe hapo nyumbani Karema. Kabla sijasema langu nakuuliza wewe: mguu unaendeleaje, na ziwa linatoa dagaa? Sisi kwa nje hatujambo. Kwa ndani mimi naogopa, na sioni sababu ya kukuficha. Petro mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, kama kuna wageni hapo waambie barua imekwisha, kisha uendelee wakishaondoka.

Mama, nina mimba tena. Mungu akipenda mtoto atakuja wakati wa mahindi mabichi. Hiyo ndiyo habari, lakini imefungamana na kuku, kwa hiyo vumilia nikueleze habari za kuku.

Nilipokwenda zahanati ya misheni, sista alinifunua kope, akatazama, akatikisa kichwa. Akamwita mume wangu ndani. "Mkeo hana damu. Ale yai kila siku." Unamjua mkweo: akiambiwa neno na mtu aliyevaa nyeupe, atalala nalo na kuamka nalo. Mayai huku hayauzwi ovyo, kila mtu anamwachia kuku wake aatamie. Basi akaagiza kwa watu wa treni mitetea sita ya kizungu kutoka Tabora, safi kabisa, damu yao haijachanganyika na ya kuku wetu. Akawajengea banda kwa makasha ya baruti aliyoomba mgodini.

Ungewaona ungecheka. Ni weupe watupu, wamejikusanya pembeni kama masista wapya siku ya kwanza. Hawajui kumkimbia mwewe, na mvua ikinyesha wanasimama palepale walowe. Mume wangu akitoka kazini, vumbi la mgodi bado liko masikioni, hanisalimu mimi kwanza. Anainama bandani.

"Bado?"

"Bado."

"Vilemba vyao vichwani vimeanza kuwa vyekundu. Hawako mbali kutaga, mke wangu. La kwanza ni lako."

Jogoo wa jirani akisogea, anatupiwa mawe. "Toka! Utaniharibia damu!" Wenzake wanamcheka kwamba hata binti wa mtemi hachungwi hivyo. Yeye anangoja jogoo wa kizungu aje kwa treni nyingine, na mpaka leo hajaja.

Watu wote wa mtaa huu wanangoja mayai kwa furaha. Mimi nayangoja kama anavyongojewa karani wa kodi. Kuku akianza kutetea tu, naacha chungu motoni nakwenda kuchungulia bandani. Wewe ndiye uliyenilea, Mama. Mwenye mimba hali yai: mtoto atatoka kipara, na njia itafunga wakati wa kuzaa. Sijasahau. Halafu Mama Sofia, Mnyamwezi tunayepakana naye, akaja kuongeza kuni kwenye moto.

"Mayo wee! Na hao hawana jogoo! Yai halina baba, halafu nyie mnataka kulitia tumboni, palepale alipo mtoto?"

Nilipomwambia mume wangu alicheka, kisha akakasirika, kisha akakaa akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi.

"Lile kaburi dogo nililichimba mimi," akasema. "Mi sichimbi lingine. Utakula."

Asubuhi ya leo, alipokwisha kwenda kazini, mtetea mmoja aliingia kwenye kikasha cha majani. Alipotoka alitetea mpaka Mama Sofia akachungulia uani. Nilikuta yai dogo, la moto, lina mstari wa damu kwenye ganda. Nilikaa chini, Mama, palepale kwenye tope. Nililifunika kwenye unga. Nikawaza nilitupe chooni, na akirudi nimwambie, "Bado."

Petro, hapa shusha sauti.

Mama, yule wa kwanza nilimshikia miiko yote. Yai sikula. Kambale sikula. Sikusimama mlangoni, sikumcheka kiwete. Na alitoka kimya. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, mpaka sista akazilaza kwa kiganja kabla ya kumfunika. Nawe ulipofika msibani, umetoka safari ndefu kwenye lori, neno lako la kwanza kwangu lilikuwa, "Ulikula nini?" Na mimi sikuwa nimekula kitu chochote cha mwiko.

Sasa yai nimelichemsha. Liko hapa mezani karibu na wino. Naogopa kulila na naogopa kutolila. Nikila likatokea la kutokea, mtasema ni yai. Nisipokula likatokea, mume wangu atasema ni ukaidi. Nimelizungusha jambo hili mpaka kichwa kinauma. Ruhusa yako naitaka, lakini hata ukijibu leo, mtoto hawezi kungoja posta.

Ninachokuomba ni kimoja. Panda lori la samaki uje kabla mahindi hayajakomaa. Ukimkuta mtoto analia, mshukuru Mungu. Ukikuta halii, Mama, usiniulize nilikula nini. Nishike kwanza.

Msalimie baba mdogo anayeshona nyavu, na shangazi anayeanika dagaa, mwambie chumvi yake ilifika. Msalimie bibi, lakini habari ya yai asiambiwe. Mume wangu anakupa shikamoo, na kuku wake pia, maana siku hizi hawatengani.

Ni mimi mwanao ninayekutazamia,
Rozalia

Bahasha ilikuwa bado wazi. Nimekula. Lina ladha ya yai tu, Mama, limepungua chumvi.