Sitaki Kurudi Kazini Kabla ya Kujua Kwa Nini Niliachishwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wa fikra zako, maana zangu zimezunguka mahali pamoja hadi zimelika meno kama gia. Mimi ni fundi mitambo, mume na baba wa mabinti wawili, na kwa miaka mingi nilitunza mashine za kufungasha sabuni katika kiwanda ambacho, uchumi ulipoanguka, kilipunguza wafanyakazi nami nikawa miongoni mwao. Uchumi wenyewe, wasemavyo redioni, umekwisha kusimama na kujipangusa vumbi, lakini mimi bado nimeketi kwenye kochi lile lile.

Katika ufundi wetu kuna kanuni niliyofundishwa ningali mwanagenzi, kwamba mashine iliyozima haiwashwi tena mpaka kijulikane kilichoizima, kwa sababu abonyezaye kitufe kwa pupa huunguza mota na pengine kumkata mwenzake vidole. Kanuni hiyo ilinilinda kazini, na nilipoachishwa nikaona ni haki niitumie kwangu mwenyewe, nikaanza kuchunguza kwa nini mimi. Niliwatembelea waliopunguzwa na waliobakizwa, nikawalinganisha kwa umri, ujuzi, mahudhurio na hata ukali wa ulimi, nikagundua kwamba miongoni mwa waliobaki ni yule tuliyempachika jina la Bwana Mto kwa kulala nyuma ya maboksi, na miongoni mwa walioondolewa ni mama mmoja wa maabara ambaye hakuwahi kukosea kipimo, na hapo nadharia zangu zote zikavunjika. Nikamfuata msimamizi wetu wa zamani, ambaye sasa naye hana kazi, nikamkuta anamenya viazi.

"Kaka," akasema, "niliambiwa nifunge zamu ya pili. Wewe ulikuwa zamu ya pili. Basi."

"Na kwa nini ya pili, si ya kwanza?"

"Ya kwanza ilikuwa imeshaingia kazini."

Jibu hilo sikulikubali, kwa kuwa halielezi kitu. Nikiitwa kwenye usaili huulizwa, "Muda wote huu ulikuwa unafanya nini?" nami husema kweli, kwamba nilikuwa nikichunguza, kisha huwaeleza hatua kwa hatua mpaka mmoja wao aanze kutazama saa, na simu hawapigi tena. Hapo ndipo panaponishangaza zaidi: mwanzoni nilikosa kazi kwa sababu hazikuwepo, sasa zipo, nami nazikosa kwa sababu niliwahi kuzikosa. Ni lini sababu ya kwanza iliipokeza ya pili kijiti, na mbona sikuona?

Sasa shemeji yangu, dereva wa lori la soda, amenitafutia nafasi ya fundi msaidizi kiwandani kwao kuanzia Jumatatu, chini ya kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nilimwomba anivumilie nimalize uchunguzi. Akaniambia, "Wewe shemeji, ukizama utauliza kwanza kina." Mke wangu, anayefua mashuka ya zahanati ili sisi tule, hakucheka. Alisema, "Baba watoto, ukiiacha na hii, mimi na wanangu tunakwenda kwa dada. Matokeo ya uchunguzi utatuletea huko huko." Sijui kama ananitisha tu, ila begi limekwisha kushushwa kutoka juu ya kabati.

Mshauri, nikirudi kazini bila kujua, si nitazima tena?

Fundi wa Zamu ya Pili

*

Fundi,

Pole. Mwenye kosa akiondolewa anajua pa kwenda kutubu. Asiye na kosa hana hata mlango wa kubisha. Huruma yangu inaishia hapo, maana uliuliza swali zuri ukakataa jibu zuri.

Nilitaka kujua kama kanuni yako ni ya kweli au ni kichaka cha kujifichia, nikashuka kwa fundi anayetunza mitambo inayochapa gazeti hili. Alifuta mikono, akasema, "Ni ya kweli. Lakini kabla sijagusa skrubu, nachungulia dirishani kama kwa jirani taa zinawaka." Umemwelewa? Umeme ulikatika mtaa mzima, nawe miaka yote hii unaifungua mashine iliyokuwa nzima. Msimamizi wako alikujibu kikamilifu, viazi mkononi. Hukulikataa jibu lake kwa kuwa halielezi kitu. Ulilikataa kwa kuwa halikutaji wewe. Wapo watu wanaoona heri walaumiwe kuliko kutotajwa kabisa. Jichunguze hapo, madhali uchunguzi unaupenda.

Swali lako la kijiti lina uzito, na wa kwanza kuulizwa ni waajiri: pengo la kukaa bila kazi huwatia hofu, na hofu yao hulirefusha pengo. Hukulianzisha wewe. Lakini unalilisha kila unapofungua mdomo kwenye usaili. Anayekuuliza ulikuwa unafanya nini hakuombi historia ya anguko la uchumi. Anataka kujua kama mikono yako bado inaiweza kazi.

Utazima tena? Huenda. Kiwanda cha soda nacho kinaweza kufunga zamu, na hakuna uchunguzi utakaokukinga na hilo. Aliyekuahidi kinga hiyo ni wewe mwenyewe. Ila mkeo akitoka na lile begi, chanzo chake hakitahitaji mchunguzi.

Kwa hiyo nafasi hiyo ichukue. Jumatatu fika mapema, umwite yule kijana "fundi mkuu" mbele za watu, na akikuonyesha jambo unalolijua, msikilize hadi mwisho, kwani mitambo imebadilika ukiwa kwenye kochi na hutajua ni wapi mpaka unyamaze. Kisha muulize maswali yako yote. Udadisi wako si ugonjwa. Uliuelekeza tu mahali pasipo na jibu jipya. Na yeyote akitaka kujua ulikuwa wapi, mwambie, "Zamu yangu ilifungwa, nikakaa muda mrefu bila kazi, sasa nimerudi." Funga mdomo hapo, hata kama sentensi ya pili inakuwasha.

Hayo ni ya Jumatatu. Leo hii nenda kwa shemeji yako, umpe jibu, kisha urudi nyumbani umwambie mkeo kwamba unaanza kazi. Usimpe sababu. Anazo za kutosha.