Mwisho wa Sinema ya Wachina

Ngara, 4 Machi 1974

Mke wangu mdogo Philister,
U mzima? Mimi mzima, ila goti limestaafu kabla yangu. Babako bado amekufungia huko Adams Arcade? Hata kuku hufunguliwa asubuhi! Mimi bado nakata tikiti mlangoni. Mwezi huu tuna sinema ya Wachina. Mji wao unabomolewa wajenge maghorofa. Kijana fundi baiskeli anampenda binti, lakini baba mtu anataka kumwoza kontrakta. Kontrakta huyo ana kitambi kama Oloo, yule babako aliyekuchagulia! Jibu mpe Selpher wa mboga, alifiche kwa sukuma wiki.
Babu yako, Dalmas

Adams Arcade, 9 Machi

Babu,
Salamu nyingi. Goti ulikande. Mimi mwili mzima, lakini geti sasa lina kufuli mbili. Baba anasema, "Athman? Mwislamu? Heri nikuzike." Oloo analeta wazee wake kuniposa Jumamosi, tarehe 23. Athman ataningoja Alhamisi, tarehe 21, pale steshenini, treni ya Mombasa. Siku hiyo tu. Naogopa. Yule binti wa Kichina alifanyaje mwishoni? Usinitanie.
Mjukuu wako, Philister

Ngara, 13 Machi

Mke wangu,
Habari ya kifungo? Mwisho sikuwa nimeuona, huwa nimetoka kufungua milango. Jana niliwaacha watu wajifungulie. Kiingereza kinachoandikwa pale chini ya picha kinapita mbio, na mimi niliishia darasa la tatu, lakini machozi hayana darasa. Binti anabaki. Anammiminia kontrakta chai. Pole.
Babu yako

15 Machi

Babu, hukuona vizuri. Rudi ukaangalie tena.
Philister

Ngara, 18 Machi

Mke wangu,
Nimerudi, nimekaa kiti cha mbele. Kweli, siku ile mama mmoja mwenye kilemba alinikinga nisione. Binti habaki! Kumbe hata Wachina wana mama mboga. Binti anavaa leso ya mama huyo, anabeba kikapu chake kichwani, anapita getini mchana kweupe. Nani humtazama mama mboga usoni? Selpher nimemsimulia yote, ameipenda sana.
Babu yako

Adams Arcade, 23 Machi

Baba,
Wazee wa Oloo wamekaa hapa tangu saa nne. Philister hayuko tangu Alhamisi. Ulimwandikia nini mtoto wangu?
Joash

Ngara, 25 Machi

Mwanangu Joash,
Poleni na wageni. Nilimwandikia habari za sinema tu. Dada yako Peres nilimfungia hivyo hivyo mimi mwenyewe, akatii, akabaki. Nenda kwake ukamwulize alicheka lini mara ya mwisho.
Baba yako, Dalmas