Nyigu wa Stoo

3 Machi

Dada mpenzi,

Hamjambo? Mimi mzima, ila mafua. Goti la mama linaendeleaje?

Nina ombi. Profesa wangu anawatafuta wale nyigu wanaojenga viota vya karatasi, vile vya wazi vinavyoning'inia kwa kikonyo. Nimemwambia wako kwetu, chini ya paa la stoo, nimewatazama tangu utotoni. Atakuja mwezi ujao. Tafadhali msiwabughudhi.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Goti ni lile lile, na anayelikanda ni mimi.

Umewatazama wewe? Wewe uliyekuwa ukipita pale na beseni kichwani, mayowe mpaka kwa jirani? Mimi ndiye niliyekaa juu ya ndoo nikiwaona wakikwangua mlango wa stoo, wakitafuna ubao mpaka ukawa karatasi. Nikakueleza kuwa majike wawili huanza kiota pamoja, kisha mmoja humpanda mwenzake, humgonga kichwa mpaka akubali kuwa mtumwa wa kutafuta chakula. Ukanicheka. Leo ndiyo elimu yako!

Profesa asijisumbue. Jana nimewachoma kwa kijinga cha moto.

Dada yako

8 Aprili

Dada,

Sijui nikusalimie vipi. Profesa ameahirisha safari.

Lakini kuna jambo. Nilipoisimulia darasani habari ya wale majike wawili, aliniuliza, "Nani alikufundisha kutazama hivyo?" Nikasema, "Nilijifunza peke yangu." Nikapigiwa makofi. Leo nimemwambia ukweli. Akauliza habari zako.

Nisamehe.

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Mimi pia, ingawa shingo upande.

Siku ile ya kuwachoma, nyigu waliniuma mara tatu, jicho likavimba likafunga. Mama akaniuliza, "Mwanangu, unamchoma nani hasa?"

Jumanne majike wawili wameanza kiota juu ya dirisha la jiko. Kina vyumba saba. Nimehamishia jiko uani nisiwatie moshi, na mama ananung'unika kwamba nyigu wanaheshimiwa kuliko yeye.

Mwambie profesa aje. Wewe usifuatane naye. Moyo wangu bado haujapoa, sitaki kukudanganya. Njoo wiki ya pili ya ziara yake, kitanda chako nitakitandika mwenyewe. Lakini ile ya kwanza, anayeulizwa ni mimi.

Dada yako