Papa Marcellin Zagabe, Besi Yako Imelia Tena

Mwaka mmoja umetimia, Papa Marcellin, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka, ukatuachia meza iliyojaa bisibisi, nyuzi na magitaa ya watu. Leo tunakukumbuka kwa machozi kidogo na furaha tele. Utuwie radhi kama tunasema mbiombio. Tuna habari motomoto, na tumeibana kifuani tangu Jumapili.

Lakini wasiokujua waambiwe kwanza. Ulikuwa fundi wa magitaa ya umeme hapa Nguba, Ibanda, kwa miaka thelathini na mmoja. Walikujia wanakwaya wa Walungu na wapigaji wa harusi wa Luvungi, kila mmoja na gitaa lake mgongoni, nawe ulilipapasa gitaa shingo kabla hujamsalimu mwenyewe. Maman Georgette, mke wako, aliona haya kila mara. "Hii imetoka Luvungi kwenye joto, ikapanda huku kwetu kwenye baridi," ulimwambia mgeni, "mbao nayo inashituka." Ndipo ulipokumbuka kumpa mkono na kuagiza chai.

Nyuzi za gitaa la besi zilizochoka hukuzitupa. Ulizichemsha ili zirudishe sauti, na siku moja ukazichemsha katika sufuria ya Maman ya maharage. Sufuria ile hakuitumia tena maishani, ila mwenye kosa alimsamehe kabla maji hayajapoa. Ulikuwa mpole, Papa, na watu wapole husamehewa upesi.

Sasa tukiri kosa letu.

Ulipozikwa, Maman alisema besi yako nyekundu, ile uliyopiga kanisani, iomboleze pamoja nasi. Tonton Honoré, mdogo wako, akalegeza nyuzi zote nne mpaka zikaning'inia, tukaitundika ukutani ikae kimya hadi misa ya kuondoa matanga. Mwaka mzima hakuna aliyeigusa. Tulidhani tunakuheshimu. Huko uliko, Papa, tunajua umeshika kichwa!

Alhamisi iliyopita, siku tatu kabla ya misa, Tonton akaishusha, akakaza nyuzi, akapiga. Kila noti iliyo karibu na kichwa cha besi ilivuma kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Akainua nyuzi kule chini zinakofungwa. Bado. Akazidi kuziinua, mpaka vidole vikamvimba kwa kuzikandamiza. Jirani akashauri hivi, mwimbaji wa kwaya akashauri vile, na wapishi wengi wakauharibu mchuzi.

Maman akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Honoré, acha. Mwenye yake alikufa, nayo inamufwata." Akajifuta mikono. "Kama haitalia ku misa ya Jumapili, kile chumba tunafunga. Byombo byake byote mupelekee masista ya Walungu. Mi siwezi kuangalia ile meza mwaka ingine."

Wakati huo huo Charlène, binti yako, alikuwa anaingia kutoka ofisini, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Maneno yale yalimchoma. Miaka yote ile, kila Jumamosi, alikaa karibu na meza yako, akikusomea habari kwenye simu huku ukifanya kazi, na mwenyewe aliamini hatazami. Sasa alijikuta ameichukua besi, ameiegemeza begani, amefumba jicho moja na kuangalia kando ya shingo yake tangu mwisho hadi mwisho. Ulikuwa ukifanya hivyo hivyo.

Shingo ilikuwa imebinuka katikati.

Moyo ukaanza kumwenda mbio. Mara ngapi ulimweleza mteja, Charlène akisikia kwa sikio moja! Nyuzi huivuta shingo mbele, na kile chuma kirefu kilichofichwa ndani ya mbao huivuta nyuma, na kati ya wavutaji hao wawili shingo husimama sawa. Mwaka mzima nyuzi hazikuvuta. Chuma kikavuta peke yake. Besi haikufa na wewe, sisi ndio tuliipinda kwa heshima zetu!

"Tonton, haikufa!" akapiga kelele. "Ile chuma ya ndani tuilegeze! Tuache nyuzi zivute!"

"Na ikikatika?" Tonton akauliza. "Utaambia mama yako nini?"

Hapo Charlène akanywea. Chuma kile kikilazimishwa hukatika, na kikikatika ndani ya shingo, basi tena. Haikutosha kukisia, ilibidi apime. Na wewe ulipimia kadi moja tu, kadi ya kualikia watu kwenye harusi yako na Maman. Ulikandamiza uzi huku juu na kule mwisho wa shingo, kisha ukaipitisha kadi chini yake, katikati. Ikipita bila kuuinua uzi, shingo iko sawa. Mkeo alilalamika miaka mingi kwamba unamchafulia harusi yake. Tangu mazishi, kadi ile anaiweka ndani ya kitabu chake cha sala, wala hajamwazima mtu.

Charlène akapiga moyo konde, akaingia jikoni.

"Maman, naomba kadi."

Maman alimaliza kusonga ugali. Akaupakua, akaufunika. Kisha akaenda chumbani, akarudi nayo ameishika kwa vidole viwili.

"Iko na mafuta ya mikono yake," akasema. "Usiipoteze."

Kadi haikupita. Charlène akatia ufunguo wako wa kulegezea kile chuma kwenye kichwa cha besi, akageuza kushoto, robo ya mzunguko tu, akakaza nyuzi upya, akaondoa mikono. Tonton alitaka aendelee. Yeye akakataa katakata, kwa sababu ulisema kila siku kwamba mbao ina masikio lakini inasikia polepole. Ijumaa asubuhi kadi ikaingia kidogo, ikakwama. Robo nyingine. Mchana akakodi pikipiki kutoka ofisini kuja kutazama kadi! Mabosi wake wakadhani nyumbani kuna mgonjwa, naye hakukanusha.

Jumamosi adhuhuri kadi ikapita, ikiugusa uzi kama mtu anayepita mlangoni akijibana asimsukume mwenzake.

Hapo mikono yake ikapata mbawa. Akazishusha nyuzi ambazo Tonton alikuwa amezipandisha. Akausogeza mwisho wa kila uzi, kule chini unakofungwa, mbele au nyuma kidogo, akilinganisha noti ya katikati ya uzi na sauti nyepesi inayotoka ukiugusa hapo hapo bila kuukandamiza, mpaka zikasema neno moja. Akasugua kutu ndani ya tundu la kuchomekea waya, iliyokuwa inakwaruza sauti. Umeme ulikuwepo, Mungu ni mwema. Akawasha spika, akapiga ule uzi mnene kuliko zote.

Papa! Vioo vya dirisha vilitetemeka! Sauti ilitoka safi, nzito, ya duara, ikajaa nyumba hadi uani. Charlène akaruka, nusura aiangushe.

"Imelia! Tonton, imelia!"

Tonton Honoré, mwanaume wa miaka hamsini na sita, akakaa chini sakafuni akalia kama mtoto, kisha akamnyang'anya Charlène besi apige yeye, na vidole vyake vilivyovimba havikulalamika tena. Maman alikuwa amesimama mlangoni. Mguu wake mmoja ulikuwa unagonga chini.

Jumapili Maman alivua nguo nyeusi, akavaa kitenge kipya cha rangi ya chungwa. Kwaya ilipoanza wimbo wa matoleo, besi mikononi mwa Tonton ikaingia pale pale ulipokuwa ukiiingiza, imechelewa kidogo, kwa madaha. Maman akainuka, akacheza kuelekea altare na kapu la maharage kichwani, na kanisa zima likamfuata. Padri akangoja. Angefanya nini?

Jumatatu kulipopambazuka mtu akabisha hodi. Alikuwa ametoka Walungu kwa pikipiki, gitaa mgongoni limefungwa ndani ya plastiki kwa sababu ya mvua.

"Maman, fundi iko?"

Mwaka mzima watu wa namna hii Maman aliwajibu kwamba fundi alikufa, akafunga mlango kabla hawajaona machozi yake. Safari hii aliufungua mlango wote.

"Iko," akasema. "Ingia, baba." Kisha akageukia ndani, kwa sauti ambayo hatujaisikia tangu uondoke: "Charlène! Kuya! Mugeni wako iko hapa!"

Naye Charlène akatoka mbio, akalipapasa gitaa shingo kabla hajamsalimu mtu.

Wanaokukumbuka ni mkeo Georgette Bintu, binti yako Charlène, mdogo wako Honoré Mushagalusa, wanakwaya wenzako, na magitaa yote uliyoyanyoosha kutoka Walungu hadi Luvungi.

Maadamu tuko hai, Papa, hatutakusahau.