Mwendo Uliouazima kwa Mama

Zoni ya Kasuku,
Kindu.
Tarehe 20 Novemba 1984

Mpendwa mdogo wangu Mauwa,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia barazani mpaka jikoni. Hujambo huko Kinshasa? Kile kikohozi ulichotuandikia kimekwisha? Unakula vizuri, au bado unashinda na chai mpaka jioni? Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Waziri mgongo unamsumbua tangu wamhamishie kwenye kupakua mabehewa, lakini anaenda kazini. Watoto ni wazima na wanakula kama nzige. Mvua imeshika, na muhogo alioupanda mama nyuma ya nyumba umechipua.

Kitenge ulichompa Félicien akilete kimefika salama. Mama alikinusa kabla ya kukiweka, akasema kina harufu yako. Kiko sandukuni, hakijashonwa. Ukisoma mbele utajua kwa nini.

Unamkumbuka bwana Kalala, au sitwayeni kama Chama kinavyotaka tuseme, yule Mkasai wa ofisi ya reli? Alileta televisheni kutoka Lubumbashi, na kila Jumamosi mtaa mzima unajaa sebuleni kwake. Watu wanavumilia nyimbo za Chama na habari ndefu, wakingoja ule mchezo wa kuigiza unaocheza wewe. Siku ya kwanza ulipotokea ulibeba sinia tu, ukaweka glasi mezani ukaondoka. Mimi nilisimama nikatangaza kwamba huyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Tangu siku hiyo nilikaa kwenye kiti cha mbele kama mama wa bibi harusi, na karanga nilikuwa nakaanga mimi kwa ajili ya watu wote.

Sasa wamekupa nafasi kubwa. Umekuwa yule mama mkwe anayeficha sukari, anayemchongea mke wa mwanawe mpaka anafukuzwa pamoja na mtoto wake mchanga. Kindu wanakuchukia kweli. Wamekubatiza Mama Funguo. Hilo halikuniuma. Mchezaji akichukiwa maana yake kazi anaijua, na mimi si mshamba kiasi hicho.

Lakini Jumamosi ile ya kwanza ulipotoka mlangoni mwa ile nyumba ya mchezo, nilizirudisha karanga bakulini. Mguu wa kushoto unaburuzwa kidogo. Mkono mmoja kiunoni. Funguo zimefungwa kwenye pembe ya kitenge, zinagonga paja kila hatua. Ulipofika jikoni ukanusa mfuniko kabla ya kufunua sufuria. Mauwa, ulimchukua mama yetu mzima mzima ukamweka pale achukiwe na Zaire yote. Kinshasa imejaa wanawake wabaya wa kila aina, ukakosa hata mmoja wa kumwazima mwendo?

Niliangalia huku na huku, nikaona hakuna aliyemtambua. Walikuwa wanashughulika na mwili wako. Maana hawakutosheka kumchukia Mama Funguo, walimvua nguo kwa maneno. Shingo hana, kichwa kimewekwa juu ya mabega kama mtungi. Makalio yanafika chumbani yeye akiwa bado barazani. Mzee mmoja aliuliza kama Kinshasa imeishiwa wanawake wazuri, mpaka watuletee huyu. Walijua ni wewe, maana nilikuwa nimewatangazia mwenyewe. Waliendelea tu, mikono ikiwa ndani ya bakuli la karanga zangu.

Hapo sikujua nikae upande gani. Nilikuwa nimekukasirikia, na papo hapo nikataka kuwarukia. Shingo hiyo ni yangu pia. Mapaja hayo ni ya mama, na ya bibi aliyemzaa.

Mama alikuwa hajakuona. Kila Jumamosi aliniomba nimpeleke, kila Jumamosi nikapata la kusema. Mara mvua, mara chombo kimeharibika, mara umeme hakuna. Jumamosi iliyopita nilichelewa sokoni. Mama Abedi akapita nyumbani akamchukua. Ndiyo, Mama Abedi huyu huyu tunayepelekeana naye futari kila Ramadhani, aliyekubeba wewe siku ya arobaini yako. Nilipofika kwa Kalala nikamkuta mama ameketi kwenye mkeka wa mbele kabisa, amevaa kanzu yake ya Idi na kitenge kiunoni.

Ukatokea. Mama akatabasamu, akamgusa jirani yake begani ajue kwamba ndiye mwanawe. "Njo mutoto yangu, Mauwa."

Hakuna aliyemjali. Mchezo wenyewe ni Kilingala na mama hakielewi, lakini matusi ya watu yalikuwa ya Kiswahili safi. Mama Abedi ndiye aliyeongoza. "Mwanamuke mubaya, na mwili yake iko mubaya vilevile. Angalia ile miguu, sawa michi ya kutwanga majani ya sombe." Watu wakacheka, naye mama yuko palepale miguuni pao, na miguu yake ni hiyo hiyo.

Kisha wewe ukaanza kutembea. Ukavuka ile sebule ya mchezo kutoka upande huu mpaka ule, na funguo zako zikilia. Nilikuwa namtazama mama, si televisheni. Tabasamu lilimtoka polepole. Akatazama chini kwenye pembe ya kitenge chake, akazifunika funguo zake kwa kiganja.

Akainuka aende nyumbani. Mlango wa Kalala uko upande wa pili, kwa hiyo ilimbidi apite mbele ya watu wote, na kile chombo bado kinaonyesha. Alitembea. Hana mwendo mwingine wa kutembea. Watu walimtazama yeye, wakakutazama wewe, wakamtazama yeye tena. Kicheko kikafa.

Nilimfuata mpaka tukafika penye mtaro. Hapo akasimama. "Mwanahamisi, njo vile natembeaka?"

Nikamwambia hapana, hatembei vile. Hakuniamini.

Sasa nikuambie jambo alilonikataza nisikuambie, na ninaliandika kwa hasira, asubuhi labda nitajuta. Mwaka ule wa waasi tulipokimbilia Pangi kwa miguu, ulikuwa mtoto mkubwa mzito na ulikataa kutembea. Mama alikubeba. Kwenye daraja la magogo aliteleza, na alikuwa anaangukia mgongo, juu yako. Nilikuwa nyuma yake na sufuria kichwani, nikamwona anajipinda hewani ili aangukie ubavu. Nyonga ililia. Wewe hata usingizi haukukatika. Mwendo unaowachekesha watu aliupata siku hiyo, akasema usiambiwe, usije ukaishi kama mtu mwenye deni.

Tangu Jumamosi funguo amenikabidhi mimi. Sokoni ananiambia nitangulie. Jana niligeuka nikamwona amesimama nyuma ya banda la jiko, anangoja njia iwe tupu ndipo atoke. Na leo nimemkuta ameshika ukuta, anajaribu kuunyosha ule mguu, anaufundisha kupiga hatua kama mtoto wa mwaka mmoja. Mama yetu, katika umri huu, anajifunza kutembea.

Mama Abedi alituma bakuli la samaki. Nililirudisha na samaki wake. Waziri anasema nimekosea, kwamba jirani hafukuzwi kwa neno moja. Kwa Kalala sitakanyaga tena. Lakini yule ni jirani tu, Mauwa. Wewe ulimjua mama kuliko wote, ulikuwa ukimfuata nyuma unaigiza hatua zake naye anacheka. Alikuachia kwa sababu ulikuwa mchezo wenu wawili. Ukauuza.

Usitume kitenge kingine. Mtu anayejificha watu wasimwone, nguo mpya ataishona ya nini? Ukipata ruhusa kabla ya Ramadhani, njoo mwenyewe. Umshike mama mkono, mvuke naye soko la Kasuku mchana, watu wakiona, hatua kwa hatua, kwa mwendo wake. Hiyo ndiyo shukrani ninayoitaka, na kama huwezi, basi usinijibu barua hii.

Waziri anakusalimu, anasema nisiwe mkali. Watoto wanamsalimu mama yao mdogo, na wamekatazwa kukuigiza. Baba mdogo Kasimu wa Kampene naye anakuulizia. Mungu akuepushe na mabaya ya mji ule, na akulainishe moyo, na wangu pia.

Nilimwuliza mama nikuandikie neno gani kutoka kwake. Alikuwa anachambua mchele, akatupa kijiwe kimoja pembeni. Kisha akajibu bila kuinua macho: "Umuambie asitembeake vile kila siku. Nyonga itamuuma."

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa sitaki,
Mwanahamisi